Maswali ya OpenCore: EFI ya kuazima imewaponza tena

Maswali ya mwezi huu ni mengi, na mengi yana mzizi mmoja: mtu anataka kuwasha macOS, mfumo wa Apple, kwenye kompyuta isiyo ya Apple kwa kutumia programu ya OpenCore, kapakua folda ya EFI (yenye mafaili ya kuwashia) ya mwenzake, kaiweka kwenye flashi, kisha anauliza kwa nini macOS haiwaki. Nitalirudia hilo kila litakapojitokeza, maana linawapotezea watu wikiendi nzima, na wengine linawaharibia hata akaunti.

Fundi, shikamoo. Nimenunua Dell OptiPlex 7060 iliyotumika, i5-8500. Nimepata EFI ya mtu mwenye 7060 kama yangu, lakini maandishi yanakwama kwenye EXITBS:START. Nifanyeje? (Mwanza)

Marahaba. Mstari huo unasema OpenCore imemaliza zamu yake na imekabidhi kazi kwa kiini cha macOS, lakini kiini hakijaweza kuipokea. Mara nyingi kosa liko ndani ya config.plist, faili la mipangilio ya OpenCore, kwenye Booter, sehemu ya Quirks, inayopanga ramani ya kumbukumbu. Kwa prosesa ya kizazi cha nane kwenye ubao wa Q370 kama wako, DevirtualiseMmio, RebuildAppleMemoryMap, SetupVirtualMap na SyncRuntimePermissions ziwe True, na EnableWriteUnprotector iwe False. Kama BIOS yako haina mahali pa kuzima CFG Lock (kufuli linaloizuia macOS kupanga umeme wa prosesa), nenda kwenye sehemu ya Kernel ya faili hilohilo uwashe AppleXcpmCfgLock. Folda ya ACPI iwe na majedwali ya kuieleza macOS vifaa vya ubao: SSDT-PLUG, SSDT-EC-USBX, SSDT-AWAC na SSDT-PMC.

Sasa niseme ambalo hukuuliza. 7060 hutengenezwa kwa maumbo matatu, na hata umbo likifanana, toleo la BIOS huenda si moja, na kadi ya waifai pia. Huyo aliyekupa EFI alitatua shida za mashine yake. Cha kuazima hakisitiri maungo. Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea kompyuta ya mezani yenye shida kama yako. Nilipofungua folda ya Kexts nikahesabu kexti 31, yaani vipande vya draiva vya macOS. Moja ilikuwa SMCBatteryManager, ya kusoma betri ya laptopu. Nyingine ilikuwa VoodooI2C, ya padi ya kugusa. Kompyuta yenyewe haina betri wala padi. Tulifuta zote tukaanza upya na tano tu: Lilu, VirtualSMC, WhateverGreen, AppleALC na IntelMausi. Ramani ya USB, yaani orodha ya matundu yanayotumika, tuliiongeza baadaye. Iliwaka jioni ileile.

Fanya hivyohivyo. Chukua Sample.plist (kiolezo cha config.plist) ya toleo lilelile la OpenCore ulilonalo, ifungue kwa ProperTree, programu ya kuhariri faili hizo, piga OC Clean Snapshot ili iorodheshe yaliyomo kwenye folda yako, kisha ufuate mwongozo wa mtandaoni wa Dortania wa Coffee Lake, jina la kizazi cha prosesa yako, mstari kwa mstari. Ukimaliza, pitisha faili kwenye ocvalidate, kikaguzi cha OpenCore, ya toleo hilohilo. Usiwashe kabla haijakwambia kwamba hakuna kosa.

RTX 3060 itafanya kazi? (Nakuru)

Hapana. Hili nimeshalijibu mara nyingi. Kadi za picha za Nvidia za vizazi vya Maxwell na Pascal ziliishia macOS High Sierra. Kepler, za zamani zaidi, ziliondolewa kwenye macOS Monterey mwaka 2021. RTX yoyote haijawahi kupata draiva ya macOS, na hakuna kexti itakayoileta. Nunua RX 6600 ya AMD, au RX 580 kama mfuko ni mdogo, ila soma lebo: ile 580 iliyoandikwa 2048SP kwa hakika ni 570 iliyobadilishwa jina. RX 7600 iache, nayo haina draiva. Kwa RX 6600 ongeza agdpmod=pikera kwenye boot-args (amri za kuwashia, ndani ya config.plist), la sivyo skrini itabaki nyeusi utadhani umeuziwa kadi mbovu.

Haiwaki. Naomba msaada. (hakutaja mahali, ameambatisha picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, haisomeki)

Andika aina ya kompyuta, prosesa, kadi ya picha, toleo la OpenCore, toleo la macOS na mstari wa mwisho unaouona ukiweka -v kwenye boot-args, inayoonyesha maandishi wakati wa kuwaka. Bila hayo sina cha kukujibu.

Nikitoka macOS nikaingia Windows, saa inarudi nyuma saa tatu. Nimebadilisha betri ya ubao mara mbili. (Mombasa)

Betri haikuwa na kosa, pole kwa gharama. macOS huandika saa ya dunia, yaani UTC, kwenye ubao. Windows husoma saa hiyohiyo ikidhani ni ya hapa nyumbani. Sisi tuko mbele ya UTC kwa saa tatu, ndiyo maana saa nne asubuhi yako inasomeka saa moja. Ndani ya Windows fungua regedit, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation, utengeneze DWORD iitwayo RealTimeIsUniversal yenye thamani 1. Washa upya. Imekwisha.

Flashi inafika "Still waiting for root device" halafu alama ya katazo. EFI nimeipata kwa rafiki, kwake inafanya kazi. (Arusha)

Kwake, ndiyo. macOS haikubali zaidi ya poti 15 kwa kila kidhibiti cha USB, na tundu moja la USB 3 huhesabiwa mara mbili, kwa kuwa ndani yake kuna njia ya USB 2 na ya USB 3. Ramani ya USB ya rafiki yako imebakiza matundu ya kwake. Tundu ulilochomekea wewe huenda limefutwa, na macOS inatafuta flashi isiyoiona.

Kwa leo, ihamishie kwenye tundu la USB 2. Kisha utengeneze ramani yako. Washa programu ya USBToolBox ukiwa Windows, chukua karatasi uchore matundu yote ya mbele na ya nyuma, upite tundu moja baada ya jingine kwa flashi ya USB 2 halafu ya USB 3, ukiandika namba inayowaka. Ni kazi ya dakika 20. Usitegemee XhciPortLimit, mpangilio wa kuondoa kikomo cha poti 15, tangu macOS 11.3 imeleta matatizo kuliko faida.

iMessage inakataa kuniingiza, Apple ID inafanya kazi kwingine kote. (Unguja)

Fungua config.plist, tazama PlatformInfo, panapoandikwa utambulisho wa Mac unayoiiga. Kama EFI ni ya kupakua, namba ya seriali iliyomo ni ya aliyeitengeneza EFI hiyo, na huenda wengi wengine wanaitumia. Tengeneza yako kwa programu ya GenSMBIOS, uichunguze kwenye ukurasa wa Apple wa kukagua dhamana. Unataka ile ambayo ukurasa hauitambui. Ukiletewa jina la kompyuta na tarehe ya ununuzi, hiyo ni ya mtu aliyelipia Mac yake, itupe. Hakikisha pia kadi ya mtandao ni en0, yaani ya kwanza kwenye orodha ya macOS. Na acha kujaribu kuingia kila baada ya dakika tano, utafungiwa akaunti.

Nihamie macOS Tahoe? Kompyuta yangu inajitambulisha kama iMac19,1 na ninatumia Sequoia, toleo lililotangulia, kila kitu kinakwenda. (Kampala)

Baki hapo. Tahoe haiitambui iMac19,1, na imeondoa AppleHDA, draiva ya sauti ya Apple, ambayo AppleALC huitegemea, kwa hiyo sauti itakupotea. Apple walisema Juni 2025 kwamba hili ndilo toleo la mwisho kwa prosesa za Intel. Zima masasisho ya kujiendesha leo, na uwe na nakala ya Time Machine kwenye diski nyingine.

Kuna duka linataka kutufungia kompyuta sita za ofisi, zikiwa na macOS tayari. Bei nzuri. Tuchukue? (Dar es Salaam)

Msichukue. Leseni ya macOS inaruhusu kuiweka kwenye kompyuta za Apple tu. Kampuni ya Psystar ya Florida iliuza mashine za namna hiyo. Apple wakaishtaki mwaka 2008 na mwaka uliofuata ikashindwa mahakamani. Halafu muulizeni muuzaji nani atakayekuja siku sasisho litakapoziangusha zote sita. Atakuwa amenakili EFI moja kwenye zote, zenye seriali moja. Mimi nawafundisha watu kuijenga kwa mikono yao, kwenye mashine yao, ili ikiharibika wajue waliweka nini. Mhasibu wenu mwenye mishahara ya kulipa mwisho wa mwezi hana nafasi hiyo. Nunueni Mac mini mbili zilizotumika, zenye prosesa ya Apple ya M1, na nyingine nne zibaki na Windows.