Ubongo wa Mtu Mzima Haujakauka

Tangu utotoni nimeambiwa kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na kwa miaka mingi nilijikinga na methali hiyo kila nilipotakiwa kubadilika. Nilikuwa mwepesi wa hasira na mzito wa usingizi: neno dogo la mwenzangu lilitosha kunipandisha sauti, na usiku nililala macho nikiyarudia mazungumzo ya mchana, nikijipangia majibu makali ambayo sikuwahi kuyatoa. Mke wangu aliponisihi nijirekebishe, nilimjibu kwamba ndivyo nilivyoumbwa, na kwamba mtu aliyekwisha kuvuka miaka 40 hakunjiki tena. Jibu lile halikuwa kweli, nami ninaandika kwa ajili ya wale wanaolitoa kwa moyo mweupe kama nilivyokuwa nikilitoa mimi.

Hata wanasayansi wakubwa waliwahi kufikiri hivyo. Santiago Ramón y Cajal, Mhispania aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1906 kwa kazi yake juu ya mfumo wa neva, aliandika kwamba katika ubongo wa mtu mzima njia za neva zimekwisha kukamilika na hazibadiliki. Mwaka 1949 mwanasaikolojia wa Kanada, Donald Hebb, alitoa wazo lililofungua njia nyingine, kwamba seli za neva zinazoamshana mara kwa mara huimarisha muunganiko wao. Lakini kilichonigusa mimi zaidi ni habari za madereva wa teksi wa London. Ili kupata leseni, madereva hao hulazimika kuhifadhi kichwani mitaa ipatayo 25,000, kazi inayochukua miaka mitatu au minne. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walionyesha kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi, kiungo cha ubongo kinachohusika na kumbukumbu ya mahali, ilikuwa kubwa zaidi kwa madereva hao kuliko kwa watu wengine.

Mtu mwenye shaka angesema kwamba labda walizaliwa nayo kubwa, na ndiyo sababu wakaiweza kazi. Shaka hiyo ilijibiwa mwaka 2011, pale watafiti walipowafuatilia wanafunzi 79 wa udereva huo tangu mwanzo wa mafunzo. Mwanzoni ubongo wao haukutofautiana na wa watu wengine. Baada ya miaka kadhaa, wale 39 waliofaulu walikuwa wameongezeka katika sehemu ileile, na walioshindwa hawakuongezeka. Hawa walikuwa watu wazima, wenye kazi na familia.

Utafiti mwingine, uliofanywa Ujerumani na kutangazwa mwaka 2004, ndio ulionifanya nijitazame upya. Watu waliojifunza kurusha mipira mitatu hewani na kuidaka kwa zamu walionekana, baada ya miezi mitatu, wameongezeka tishu ya kijivu, yaani ile yenye miili ya seli za neva, katika sehemu za ubongo zinazofuatilia vitu vinavyokwenda. Walipoacha mazoezi kwa miezi mitatu mingine, ongezeko hilo lilipungua. Niliposoma hayo nilitulia kwa muda mrefu, kwa sababu nilijiuliza mimi nilikuwa nikijizoeza nini. Kila usiku niliporudia ugomvi kichwani nilikuwa mazoezini, na kwa zaidi ya miaka 20 sikuwa nimekosa zamu.

Mtazamo wangu ulianza kugeuka hapo, ingawa nisingependa msomaji aupe mtazamo sifa kuliko zinazoustahili. Carol Dweck, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake wamefundisha kwamba anayeamini uwezo wa akili hukuzwa huvumilia ugumu kuliko anayeamini umekadiriwa tangu kuzaliwa. Walipolijaribu jambo hilo kwa zaidi ya wanafunzi 12,000 wa sekondari nchini Marekani, katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2019, faida ilikuwapo kwa waliokuwa wakifanya vibaya darasani, nayo ilikuwa ndogo. Kwangu pia, kuamini kwamba ninaweza kubadilika kulinipa sababu ya kuanza tu.

Nilianza na tafakuri. Kila asubuhi nilikaa kitini kwa dakika 10, mgongo wima, macho nimeyafumba, nikiifuatilia pumzi inavyoingia na kutoka puani. Wiki mbili za kwanza zilinikatisha tamaa, kwani nilidhani kwamba anayetafakari hana budi kuwa na akili tupu, na yangu ilikuwa haikai. Nilihesabu pumzi nne, kisha nikajikuta kwenye madeni, kwenye kikao cha kesho, kwenye maneno ya jirani. Nilikaribia kuacha. Kilichonizuia ni kuelewa kwamba akili kuondoka si kosa, kwa kuwa zoezi lenyewe limo katika kutambua kwamba imeondoka na kuirejesha taratibu bila kujilaumu. Ikiondoka mara 30, umefanya zoezi mara 30.

Matunda yake niliyaona mahali nisipotarajia. Mwezi wa tatu mwanangu alimwaga maji juu ya karatasi za kazi nilizokuwa nimezikeshea. Nilisikia joto likipanda kifuani na taya zikikaza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliyasikia hayo kabla ya kuisikia sauti yangu mwenyewe. Nafasi ile haikuzidi pumzi moja, lakini ilinitosha. Nilichukua kitambaa, tukafuta pamoja.

Je, ubongo wangu ulikuwa umebadilika umbo? Sitadai hivyo. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba wiki nane za mafunzo ya tafakuri ya aina ile iliyoanzishwa na Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts mwaka 1979 ziliongeza tishu ya kijivu, na habari hizo zikaenea sana. Mwaka 2022 watafiti wa Wisconsin, waliopima watu wengi zaidi na kwa uangalifu mkubwa, hawakuyaona mabadiliko hayo ya umbo. Kwa hiyo anayekuahidi ubongo mpya kwa wiki nane anakuahidi kuliko kilichothibitishwa. Faida ya kupunguza msongo na wasiwasi ina ushahidi ulio imara zaidi, nayo peke yake yatosha kumkalisha mtu kitini.

Kuhusu mazoea, wengi tumeambiwa kwamba siku 21 zinatosha. Hesabu hiyo inatokana na Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, ambaye mwaka 1960 alieleza muda ambao wagonjwa wake waliuhitaji, kwa uchache, kuzoea sura zao mpya. Phillippa Lally na wenzake wa London walipowafuatilia watu 96, waliona kwamba zoea jipya lilihitaji wastani wa siku 66, wengine siku 18, na wengine walikadiriwa kuhitaji hata 254. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Laiti ningalilijua hilo mapema, maana zamani siku moja niliyoikosa ndiyo iliyokuwa ruhusa ya kuacha kabisa. Sasa nimeifunga tafakuri kwenye jambo nisilolisahau, yaani kupiga mswaki, na simu inalala nje ya chumba.

Neno moja la tahadhari: mwenye huzuni isiyoondoka, au majeraha mazito ya nafsi, aonane kwanza na mtaalamu wa afya ya akili, kwa sababu wapo watu ambao kukaa kimya huwaamshia mambo wasiyoweza kuyabeba peke yao.

Usingizi wangu umetengemaa. Hasira haijaisha. Wiki iliyopita nilimpandishia mke wangu sauti kwa jambo la ufunguo, nikatoka nje. Sikufika mbali; nilirudi nikamwomba radhi kabla chai haijapoa, wakati zamani tungenyamaziana siku tatu.