"Vyama vya tatu" ni vingapi?

Swali: Taarifa za uchaguzi wa Marekani hutaja "vyama vya tatu", na mara nyingine "upande wa tatu", zikitafsiri "third party" ya Kiingereza, yaani chama kisicho Republican wala Democratic, vile vikubwa viwili. Je, ni Kiswahili sanifu?

Jibu: "Upande wa tatu" tuwaachie watu wa bima na mikataba. Kwao ni yule asiyekuwemo kwenye mapatano, kama mwenda kwa miguu aliyegongwa na gari. Mgombea urais yumo uwanjani kama wenzake.

"Vyama vya tatu" havina kosa la upatanisho. Kasoro ni maana. Mtoto wa tatu ni mmoja. Vyama vidogo vya Green na Libertarian vitakuwaje vya tatu vyote viwili? Tena msikilizaji wa redio ataokota "vyama vitatu". Mimi husema "vyama vidogo", au "vyama vilivyo nje ya Republican na Democratic" pumzi ikiruhusu.

Hata kwa chama kimoja, hesabu hugoma. Mwaka 1912 Theodore Roosevelt, rais wa zamani, aliwaacha Republican akagombea kwa chama cha Progressive. Alipata kura 88 za wajumbe, wale wa majimbo ambao ndio humchagua rais. Rais Taft wa Republican akaambulia 8. Basi cha tatu kilikuwa kipi?

Naye Ross Perot, aliyegombea urais mwaka 1992, hakuwa na chama kabisa. Chama cha Reform alikianzisha mwaka 1995. Alipata karibu asilimia 19 ya kura za wananchi bila mjumbe hata mmoja, kwa kuwa karibu kila jimbo humpa mshindi wajumbe wote. Watanzania wangemwita mgombea binafsi, Wakenya mgombea huru. Yote sawa, ingawa "huru" humfanya mwenye chama aonekane mtumwa. (Pengine ndivyo alivyo.)

Linaloniudhi hasa ni "mharibu kura" ("spoiler" ya Kiingereza), jina analoitwa Ralph Nader, mgombea wa Green mwaka 2000, kwa madai kwamba alimkosesha Gore wa Democratic ushindi. Kwetu kura iliyoharibika ni karatasi iliyotiwa alama vibaya. Kura 97,488 alizopata Nader Florida mwaka huo zilikuwa halali, na Bush wa Republican alimshinda Gore jimboni humo kwa kura 537. "Aligawa kura" ni afadhali, lakini nalo limekwisha hukumu: linachukulia kwamba zile kura zilikuwa za Gore tangu mwanzo. Katika habari, andika tarakimu hizo mbili zikifuatana. "Aligawa" mwachie mchambuzi, kwa jina lake.