Kabla hujajiunga na zimamoto wa kujitolea Ujerumani

Vikosi vya zimamoto wa kuajiriwa Ujerumani viko kwenye miji mikubwa tu, zaidi kidogo ya 100. Kwingine kote, ukipiga 112 anayekuja ni jirani yako: mwoka mikate, mwalimu, fundi umeme, muuguzi aliyetoka zamu ya usiku. Ni karibu watu milioni moja nchi nzima, chini ya jina la Freiwillige Feuerwehr, yaani zimamoto wa kujitolea. Wenzetu wa Afrika Mashariki tunaoishi huku mara nyingi tunadhani mlango huo si wetu. Sehemu nyingi hawadai uraia. Wanadai uwe umetimiza miaka 18 ili uende kwenye tukio, uwe na afya, na uwe na Kijerumani cha kukuwezesha kuelewa amri penye kelele. Nguo, kofia na mafunzo ni juu ya manispaa, na bima ya ajali inakuhusu ukiumia kazini.

Nakuandikia wewe unayefikiria kujiunga, au uliyeanza juzi na unajiuliza mbona hujauona moto.

Hutauona upesi. Mwanzoni utakunja mipira ya maji, utafunga mafundo, utaunga mpira kwenye haidranti, yaani bomba la maji la barabarani, utasimamisha ngazi, utafunga barabara. Hata miito yenyewe mingi si ya moto: mti umeangukia njia baada ya dhoruba, mafuta yamemwagika lamini, kengele ya kiwanda imelia kwa sababu ya mvuke, bibi kizee ameanguka na mlango umefungwa kwa ndani. Usizidharau kazi hizo. Mpira uliokunjwa vibaya leo utajisokota kwenye ngazi siku ya tukio, na walio ndani ya moshi watakosa maji. Anayewafikishia maji ni mwanagenzi aliyeko nje kwenye haidranti, ambaye hakuna mtu anayempiga picha.

Lugha isikutishe. Amri rasmi ina mpangilio uleule siku zote: nani, afanye nini, kwa kifaa gani, wapi, kwa njia ipi. Mfano, kwa watu wawili wanaotangulia: Jozi ya mbele, kuzima moto, kwa mitungi ya hewa na mpira wa kwanza, ghorofa ya pili, kupitia ngazi, nendeni! Kiongozi wa jozi huirudia amri kabla ya kuondoka. Kwa sisi tuliojifunza Kijerumani ukubwani, mpangilio huo ni msaada mkubwa, kwa sababu ukishauzoea unajua kitu gani kinafuata hata mngurumo wa pampu ukimeza nusu ya maneno. Ukariri kwa sauti ukiwa jikoni au njiani. Usiposikia, uliza palepale, mbele ya watu wote. Anayeitikia bila kuelewa anampeleka mwenzake pabaya.

Baada ya mafunzo ya msingi, daktari akikupima na kukuruhusu, utasomea kazi ya mtungi wa hewa, ule unaobebwa mgongoni ili upumue ndani ya moshi. Hapa nakuomba utulie kabisa. Ukivaa kila kitu unabeba kilo 25 au zaidi, huoni mkono wako, na hewa uliyonayo ndiyo hiyo tu. Tuseme umeanza na bar 300, bar ikiwa kipimo cha presha ya hewa mtungini, na umefika penye moto ukiwa na 240. Umetumia 60. Kanuni inataka hewa ya kurudia iwe mara mbili ya ile ya kwendea, yaani 120, kwa hiyo mshale ukifika 120 unageuka, hata kama moto umebaki kidogo. Safari ya kurudi ni ngumu kuliko ya kwenda: umechoka, unahema, na pengine mnamburuta mtu. Mnaingia wawili na mnatoka wawili, na inayofuatwa ni hesabu ya yule mwenye hewa kidogo zaidi. Nje kuna jozi nyingine iliyokwisha vaa mitungi, kazi yake kuwafuata mkikwama. Filimbi ya mtungi hulia hewa inapokaribia bar 55. Mzimamoto makini huisikia akiwa ameshatoka nje, au haisikii kabisa.

Barakoa ya mtungi wa hewa hushika kwenye ngozi, kwa hiyo mwenye ndevu haruhusiwi kuivaa. Wapo wasiotaka kuzinyoa kwa sababu ya dini, nao hufanya kazi za nje, ambazo hazikosi watu wa kuzihitaji.

Jambo ambalo vijana hulipuuza ni masizi. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la mambo yaliyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Vua nguo chafu palepale kwenye tukio, nawa uso na shingo, na usizipeleke nyumbani kwa watoto. Ukimwona mkongwe anajivunia kofia nyeusi kwa moshi, mheshimu kwa mengine, lakini hilo usimwige.

Zungumza na mwenzi wako kabla ya kujaza fomu. Peja, kile kifaa kidogo cha kukuita kwenye tukio, italia saa tisa usiku, italia sikukuu, italia mmekaa mezani na wageni. Sheria inakulinda kazini: unaruhusiwa kuondoka, na mwajiri binafsi hurudishiwa na manispaa mshahara wa saa hizo. Hata hivyo mweleze bosi wako mapema. Na kama umekunywa bia, peja ikilia, kaa nyumbani.

Kijijini, aliyenaswa ndani ya gari lililogonga mti anaweza kuwa mtu unayemfahamu. Wako watu waliosomea kuzungumza na wazimamoto baada ya matukio ya namna hiyo. Watumie, hata kama umelelewa kuamini kwamba mtu mzima hunyamaza.

Kuanza ni rahisi: nenda kituoni jioni ya mazoezi, uliza kamanda, ujitambulishe. Mwambie ukweli kuhusu pumu, mgongo au dawa unazotumia. Ukivaa miwani sema mapema pia, kwa maana mikono ya miwani ya kawaida huachia upenyo pembeni mwa barakoa. Kuna miwani maalumu ya kuvalia ndani yake.