Zile nusu ubaoni: kwenu mnaoanza na mitiririko ya torasi

Wadogo zangu, juzi kwenye semina nimemwona mwenzenu akiandika ϕ (uwiano wa dhahabu) palepale nilipoiandika mimi miaka ile, tumbo likanikata. Sikilizeni, maana sitarudia. (Nitarudia, mnanijua.)

1. Kabla ya kugusa yuniti yoyote (namba ambayo kinyume chake nacho kimo katika mfumo uleule wa namba), hakikisheni namba za vekta yenu, ile inayoelekeza mtiririko juu ya torasi (uso kama wa donati), hazifungwi na mlinganyo wa mstari wenye namba kamili.

2. Kompyuta haiijui √2, inajua namba za sehemu tu, kwa hiyo mtiririko wa kwenye skrini iko siku utarudi ulikoanzia. Wa kweli ni wa kuasi-periodiki (quasi-periodic: kama wenye mzunguko, ila haufungi), na jina limeukaa: umeasi, haurudi.

3. Hapa ndipo nilipoumia. Niliulizwa vizidishi vya mtiririko wa (1, √5), yaani namba ambazo kasi yake huweza kuzidishwa nazo kwa kubadili viwianishi vya torasi tu. Mnajua utaratibu: tafuta matriksi ya namba kamili, determinanti 1 au −1, ambayo vekta hiyo ni vekta aigeni yake (matriksi huizidisha kwa namba tu), namba hiyo, thamani aigeni, ndiyo kizidishi, na lazima iwe yuniti. Mimi matriksi sikutafuta. Nikasema uga ni Q(√5), yaani namba a+b√5 ambamo a na b huweza kuwa sehemu, yuniti ya msingi (inayozalisha nyingine zote, ukiacha ishara) ni ϕ = (1+√5)/2, nikapangusa chaki mikononi.

Mzee mmoja wa nyuma, miwani puani, akasema kwa upole: "Mwanangu, hebu tuandikie hiyo matriksi." Mstari wa kwanza: ½, ½. Wa pili: 5/2, ½. Determinanti ikatoka −1, nikaing'ang'ania kama anayezama anavyong'ang'ania jani. "Na nusu hizo?" Kimya. Matriksi yenye nusu huichana torasi: nukta moja inapelekwa mahali pawili. Jasho nililotoka siku hiyo lingetosha kufutia ubao.

Vekta (1, √5) inakupa Z[√5] (a+b√5, a na b namba kamili), siyo Z[ϕ] (a+bϕ), na humo yuniti ya msingi ni 2+√5, yaani ϕ³. Matriksi yake ni 2, 1 juu na 5, 2 chini. Ukiitaka ϕ yenyewe, chukua (1, ϕ) na ile matriksi ya Fibonacci: 0, 1 juu, 1, 1 chini. Uga mmoja, mitiririko miwili, na hakuna ubadilishaji wa viwianishi utakaoifanya kuwa mmoja.

4. Kwa (1, π) msijisumbue, vizidishi ni ±1 tu. Kwa (1, ∛2, ∛4), nadharia ya yuniti ya Dirichlet inakupa kizalishi kimoja (ukiacha ishara): ∛2 − 1.

5. Huyo wa juzi… nilikuwa nimekaa nyuma, nami siku hizi nina miwani. Nikanyoosha mkono. Akaandika ½ ya kwanza, chaki ikabaki hewani. Chai na chapati nilimlipia mimi.