Jibu: Kinundu cha unyayoni, ni sugu au chunjua?

Mkuu, umesema fundi wa kucha amekikata hicho kinundu cha kisiginoni mara tatu na kila mara kinarudi, sasa unataka kukichoma. Usichome. Mimi nilichoma.

Changu kilikuwa chini ya kidole gumba cha mguu, nikakiita sugu, nikalaumu viatu vya kazini. Mjomba wangu, mtu wa Mtwara, akaniambia dawa yake ni mafuta ya ganda la korosho. Nikapaka usiku, nikafunga kitambaa. Asubuhi malengelenge yametapakaa, na kinundu chenyewe kipo palepale kimetulia. Nilichechemea wiki mbili. (Kuna wanaotumia maji ya betri, hao sina la kuwaambia.)

Tabibu wa zahanati alitibu kwanza kidonda nilichojitia. Kilipopona akakwangua juu ya kinundu kwa wembe mpya, taratibu, akaniambia nitazame: vitone vyeusi kama ufuta. Wengi huviita mizizi, kumbe ni vimishipa vya damu vilivyoganda. Kisha akakibana kwa pembeni, kama anayekamua chunusi. Niliruka! Sugu huuma ukiikandamiza kwa juu, chunjua huuma zaidi ukiibana ubavuni. Jaribu leo.

Chunjua huletwa na kirusi cha HPV, kinachopenya kwenye ngozi iliyochubuka. Dawa ya kukiua chenyewe hakuna. Unachofanya ni kuimenya ngozi kinamokaa mpaka kinga ya mwili ishtuke na kumaliza kazi. Mimi nilipewa asidi ya salisiliki. Kila usiku naloweka mguu kwenye maji ya vuguvugu dakika 10, nasugua kwa jiwe, napaka mafuta ya mgando pembezoni ili ngozi isiyo na chunjua isiungue, natia tone la dawa, nabandika plasta. Wiki ya tatu niliona nimeliwa hela yangu bure. Ya tisa vitone vikaisha na mistari ya unyayo ikarudi kupita pale. Wengine hufika wiki 12. Jiwe hilo liwe lako peke yako, na huyo fundi muulize wembe wake ukitoka kwako unakwenda kwa nani. Mwenye kisukari asijitibu mguu nyumbani, aende hospitali.

Kuhusu mkeo kudhani ni ugonjwa wa zinaa: HPV ina aina zaidi ya 100. Masundosundo ya sehemu za siri huletwa hasa na aina ya 6 na 11, na saratani ya shingo ya kizazi hasa na 16 na 18. Za unyayoni ni nyingine. Ila akitaka kupimwa shingo ya kizazi, mwache aende, hupakwa siki tu na kuangaliwa. Na kama mna binti wa kuanzia miaka 9, hapa Tanzania chanjo ya HPV ni bure, na tangu 2024 ni dozi moja. Wangu wa darasa la nne alichomwa shuleni, akarudi analalamikia mkono, jioni yuko nje anaruka kamba.