TB sugu Uganda: kabla hujameza dawa, ulizia kipimo

Watu wakisikia niliugua TB sugu swali lao la kwanza ni lile lile, "dawa uliacha katikati?" Hapana, mi nilikuwa sijawahi kumeza kidonge cha TB hata kimoja. Nakaa Busia, upande wa Uganda, nina kibanda cha mobail mani karibu na malori yanapopanga foleni, madereva na matandiboi wanaingiza kichwa dirishani wanakohoa huku wanahesabu noti, halafu nikitoka hapo napanda taksi iliyojaa madirisha yamefungwa kisa vumbi. Nani aliniambukiza sijui na sitakuja kujua. TB inasafiri kwa hewa, na mtu mwenye ile sugu akikohoa, wewe unayevuta ile hewa unapata sugu moja kwa moja, si lazima uanze na ya kawaida. Kwa hiyo majirani wanaokuita mzembe wa dawa waache waongee, ila wewe mwenyewe usiamini eti kwa vile hujawahi kutibiwa basi huwezi kuipata.

Sasa iko kiasi gani? Hapa watu wanavuka mipaka pande zote mbili, wengine wanatisha kama kila anayekohoa ana MDR, yaani hiyo TB sugu, wengine wanasema ni ya wazungu na Warusi. Utafiti wa kwanza wa nchi nzima Uganda ulifanywa kati ya 2009 na 2011, na ulikuta kwamba kwa wagonjwa wapya wa TB, wenye ile inayoshinda dawa mbili kubwa yaani rifampisini na isoniazidi walikuwa asilimia 1.4. Kwa wale waliowahi kutibiwa TB huko nyuma ilikuwa asilimia 12.1. Soma tena hizo namba mbili bana, maana ndo ushauri wangu wote umetoka humo. Kwa mtu mpya ni kama mmoja na kidogo katika mia, kwa aliyewahi kutibiwa ni kumi na mbili katika mia. Kwa dunia nzima WHO, lile Shirika la Afya Duniani, ilikadiria kuwa mwaka 2023 TB inayoshinda rifampisini, peke yake au pamoja na isoniazidi, ilikuwa asilimia 3.2 kwa wapya na 16 kwa waliowahi kutibiwa, kwa hiyo sisi hatuko vibaya sana kwa asilimia. Hata kwenye orodha za WHO za 2021 hadi 2025 Uganda ilikuwemo kwenye zile nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB, lakini kwenye zile 30 za TB sugu haikuwemo, ingawa jirani yetu Kongo ilikuwemo.

Ila asilimia ndogo ya kitu kikubwa bado ni watu wengi, na wengi hawajulikani. Mwaka huo huo wa 2023 walioanza matibabu ya TB sugu duniani walikuwa kama wawili tu katika kila watano waliokadiriwa kuugua. Hao watatu wengine wako wapi? Wako nyumbani, wako sokoni, wanakohoa, au wanamezeshwa dawa ya kawaida isiyowafanyia kitu.

Ndo maana nasema, ukikohoa wiki mbili nenda upimwe, na ukifika usikubali tu darubini au eksirei halafu upewe dawa. Ulizia GeneXpert. Ile mashine ndani ya saa mbili hivi inasema kama TB iko na kama inashinda rifampisini, darubini haiwezi kukwambia hilo la pili. Helthi senta ndogo inaweza kukosa mashine lakini wanatuma sampuli mahali ilipo, wewe muulize tu musawo, yaani mhudumu wa afya, kwa heshima, "musawo, hii sampuli yangu inaenda kwenye GeneXpert?" Na kama uliwahi kutibiwa TB, hata kama ni miaka kumi iliyopita, hata kama ulimaliza vizuri, sema hilo kabla hujaulizwa. Kuna watu wanaficha wakiogopa kugombezwa, halafu wanaandikishwa kama wagonjwa wapya. Pia sema kama unaishi au uliishi na mtu mwenye TB sugu.

Na utoe kohozi la kweli. Mimi mara ya kwanza musawo alikiinamisha kikopo akakiangalia kwenye mwanga, akaniambia haya ni mate nyabo, rudi nje. Nikazunguka nyuma ya jengo kwenye tenki la maji, nikavuta pumzi ndefu kutoka chini kabisa mara kadhaa, ndipo likatoka zito la njano. La asubuhi kabla ya kula ndo zuri zaidi.

Kitu kingine kinachonikera ni maduka ya dawa. Mtu anakohoa anauziwa sipro, ile antibayotiki ya siprofloksasini, wiki ijayo tena sipro nyingine, anapata nafuu kidogo anaridhika. Sipro ni ndugu wa levofloksasini na moksifloksasini ambazo ndo tunazotegemea kwenye TB sugu, sasa ukizimeza ovyo ovyo TB inajificha, kipimo kinachelewa, na vijidudu vinapata nafasi ya kuzizoea. Ukishakohoa wiki mbili duka la dawa lipite kama hulioni.

Kuhusu matibabu wengi wanaogopa kwa habari za zamani, na zamani ilikuwa mbaya kweli, mwaka mmoja na nusu au zaidi, sindano miezi kadhaa na wengine walitoka na masikio hayasikii. Sasa kuna mchanganyiko wa miezi sita, vidonge tu, bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini, WHO iliupendekeza 2022 na ndo niliotumia. Si wa kila mtu, mjamzito au mtoto wa chini ya miaka 14 anapangiwa mwingine, kwa hiyo kama una mimba sema mapema. Kula kwanza, mimi nilikuwa nahakikisha katogo au hata uji mzito umeshuka ndo nameza, maana bedakwilini inaingia mwilini vizuri ikikuta chakula. Pombe ya waragi weka pembeni kabisa, ini lina kazi ya kutosha.

Linezolidi ndo ilinisumbua, nyayo zilianza kuwaka kama nimekanyaga pilipili, usiku nazitoa nje ya blanketi. Hii usinyamaze nayo, wala usiache kidonge kimya kimya, sema siku hiyo hiyo kwa sababu wanaweza kupunguza dozi au kuisimamisha kidogo, na ukikaa nayo inaweza isiondoke. Ndo maana wanapima damu, wanakusomesha zile herufi za ukutani kuangalia macho, wanakufunga waya za kifuani kusoma moyo. Usikwepe hivyo vipimo eti foleni ni ndefu.

Pesa nayo tuongee. Dawa ni bure serikalini lakini kuugua sio bure, utafiti wa gharama uliofanywa Uganda ulikuta zaidi ya nusu ya familia zenye mgonjwa wa TB zinatumia au zinapoteza zaidi ya asilimia 20 ya kipato chao cha mwaka. Transpoti, chakula, kibanda kimefungwa, kodi haisubiri. Uliza siku ya kwanza kama kuna msaada wa transpoti au chakula kwa wagonjwa wa TB sugu, na uliza kama unaweza kumezea dawa kituo cha karibu au kwa VHT, yule mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijijini kwenu, badala ya kusafiri kila siku. Ukingoja waje wakwambie wenyewe unaweza kungoja sana.

Nyumbani usitenganishe vikombe na sahani, TB haikai huko, fungua madirisha, vaa maski miezi ya mwanzo, lala chumba chako kama kipo. Wote mnaokaa pamoja wapimwe, watoto kwanza, na hata asiyeumwa kuna dawa ya kinga anayoweza kupewa siku hizi, levofloksasini kwa miezi sita, kwa hiyo iulizie.

Na kwa sisi wa mpakani na nyie wa malori, ukipata safari ya Mombasa au Juba katikati ya matibabu usiondoke na vidonge mfukoni tu ukijua utajipanga huko. Mwambie musawo tarehe, akuandikie barua ya rufaa yenye majina ya dawa, siku uliyoanza na majibu yako ya maabara, na kabla hujapanda gari akupigie simu kituo utakachokwenda athibitishe hizo dawa wanazo, kwa sababu sio kila kliniki inaweka bedakwilini. Ipige picha kwenye simu, maana karatasi kwenye lori inalowa.