Msingoje Kibali Wakati Wanafunzi Wanaruka Madirishani

Juzi usiku transfoma nyuma ya bweni letu ilipasuka kwa mlio kama wa bunduki, kukawa giza totoro. Mlinzi wa geti, aliyeona cheche kwa macho yake, alinipigia. Dakika nne baada ya mlio nilikuwa nimeshawatumia wanafunzi ujumbe: "Mlio ni wa transfoma. Hatujavamiwa. Kaeni vyumbani, msikaribie nyaya. Nitaandika tena saa nane na robo." Hakuna aliyeruka. Asubuhi walikuwa kwenye foleni ya chai wakilalamikia chaji, nami nikapita kifua mbele. Sifichi.

Wenzangu wasimamizi wa mabweni, najua nanyi mnataka kuaminiwa hivyo. Mimi imani hiyo niliipoteza mwaka 2015. Tarehe 2 Aprili watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa na magaidi katika Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya. Siku kumi baadaye, katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi, mlipuko wa umeme kabla ya mapambazuko uliwafanya wanafunzi wadhani wamevamiwa, wakaruka madirishani. Mmoja alifariki, zaidi ya mia wakaumia. Nikasikitika, nikaendelea na kazi.

Mwezi uliofuata, chuoni kwetu, upepo ulibamiza mlango wa chuma. Mtu akaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Wameingia." Baada ya dakika mbili niliujua ukweli, lakini utaratibu ulidai kibali cha mkubwa kabla ya kutuma ujumbe, na mkubwa hakushika simu. Nikangoja dakika ishirini. Msichana wa mwaka wa kwanza akaruka kutoka ghorofa ya kwanza, akavunjika kifundo cha mguu. Hospitalini aliniuliza, "Madam, ulikuwa unajua?" Sikumjibu. Kila ujumbe ninaoutuma sasa, namwandikia yeye.

Basi kibali kiombeni mchana, kwa maandishi, kabla ya balaa. Wekeni kipaza sauti, maana simu huzima. Na acheni ile "hali imedhibitiwa, tulieni"! Mwanafunzi aliye chini ya kitanda anataka kujua ni nini, afanye nini, na atasikia tena lini. Mkimpa saa, itimizeni hata kama hamna jipya.

Juzi sikuwa na jipya. Saa nane na robo niliandika: "Fundi hajafika. Walinzi wako kila ngazi. Nitaandika tena saa tisa kasoro robo." Jibu la kwanza likaja papo hapo: "Sawa madam, tunalala."